Roots & Shoots au Interact: ipi inamfaa mwalimu wa klabu huku Nyanda za Juu Kusini?

Mwalimu aliyekabidhiwa klabu ya huduma kwa jamii huwa na saa moja kwa wiki, mfuko mtupu na wanafunzi hamsini wanaongoja kuambiwa wafanye nini. Mipango miwili anayotajiwa mara nyingi ni Roots & Shoots na Interact. Yote miwili ni ya kimataifa, na yote miwili inasema inamlea mtoto awe mkarimu. Tumeipima kwa kigezo kimoja tu: je, mwanafunzi analazimika kumuuliza anayesaidiwa kabla ya kumpelekea chochote? Kwa kigezo hicho Roots & Shoots inapata nyota nne na nusu kati ya tano. Interact inapata tatu na nusu, na ile nusu imeipata kwa sharti lake moja ambalo tutalifikia.

Roots & Shoots ni mzaliwa wa hapa nchini. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12. Haibagui umri: chekechea wanaingia, wa chuo kikuu wanaingia. Miradi yake inagusa watu, wanyama na mazingira, na kazi huenda kwa hatua nne: kuhamasika, kutazama eneo lenu na kulichorea ramani, kutenda, kisha kusherehekea. Shule nyingi hurukia hatua ya tatu. Ni kosa, maana uzito wote wa mpango huu uko kwenye ya pili.

Ramani inahitaji manila moja kwa kila kikundi cha watu watano au sita, kalamu za rangi na saa mbili za kutembea. Wachore chemchemi, mabomba, zahanati, mashine ya kusaga, na nyumba za wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu. Swali la kumuuliza mwenyeji lisiwe "mnahitaji nini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "chochote mtakachojaliwa", na hilo ni jibu la heshima tu, halina habari ndani yake. Ulizeni: mwezi wa kumi maji mnachota wapi? Kuni analeta nani? Mvua zikichanganya, njia ipi haipitiki? Na kwa Iringa na Njombe, watoto waanze na salamu, "Kamwene, bibi", wakaribishwe, wakae. Daftari litoke baadaye.

Bila hatua hiyo mambo huenda hivi. Wanafunzi kumi wanafika kwa bibi, kila mmoja na dumu la lita 10. Jumla lita 100. Bibi ana ndoo mbili za lita 20. Lita 60 zinaishia kwenye mgomba, picha inapigwa, msafara unaondoka. Kumbe shida ya bibi haikuwa maji ya siku moja, ilikuwa pipa la kuyatunzia, au mtu wa kupita kila Jumanne na Ijumaa na madumu manne. Tena uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtoto wa darasa la nne asibebeshwe ndoo ya lita 20 kwenye miinuko ya Makete. Dumu la lita 5 linamtosha.

Picha nazo zina mipaka. Njombe ndio mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta na kiwango kikubwa kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 12.7, na bibi wanaolea wajukuu si wachache. Bango lililoandikwa "yatima wa ukimwi" linamfuata mtoto hadi darasani Jumatatu. Piga picha ya kuni zilizopangwa. Ukitaka sura ya mtoto, mlezi wake akubali kwanza, na akikataa isiwe mjadala.

Upande wa mazingira ndio unaopendwa zaidi, na ndio unaoharibika zaidi, kwa sababu ya kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili au Mei (Tukuyu hupata zaidi, Chunya kidogo). Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, yaani wakati hasa ambao mche unataka kuingia shimoni. Likizo ya Juni nayo inaangukia kiangazi, miche iko kitaluni na hakuna wa kumwagilia. Klabu inayofanikiwa huandika zamu ya likizo kabla ya kujaza kiriba cha kwanza: wanafunzi wanaoishi jirani na shule, wawili wawili, siku tatu tatu. Mashimo yachimbwe Novemba. Ardhi ikilowa kabla ya kufunga, pandeni. Isipolowa, subirini wiki ya kwanza ya kufungua Januari, na msimwachie mlinzi miche 300 mkaondoka.

Mchanganyiko wa kiriba unaotumika sana ni ndoo tatu za udongo wa juu wa msituni, mbili za samadi iliyooza na moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi, na miche hugeuka njano. Makete na Njombe, kuanzia Juni hadi Agosti baridi hushuka hadi kuganda, hivyo kitalu kifunikwe kwa nyasi kila jioni. Kwa chanzo cha maji msipeleke mikaratusi hata kama miche yake inatolewa bure, hunywa sana. Mivengi, miti ya asili, ndiyo yake, ila mbegu zake hazitunziki: zikiokotwa zipandwe zikiwa bado mbichi. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, hivyo serikali ya kijiji ishirikishwe kabla jembe halijatua.

Nusu nyota tuliyoikata ni ya kipengele cha wanyama. Kimo kwenye mpango, lakini shule zetu hukiruka kwa kudhani ni habari za sokwe na mbuga. Punda wa mkokoteni mwenye kidonda cha nira anahesabika, na kipande cha blanketi kuukuu chini ya nira ni mradi kamili.

Interact ni klabu ya vijana wa miaka 12 hadi 18 chini ya Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii. Ya kwanza ilianzishwa Florida, Marekani, mwaka 1962. Haianzishwi na shule peke yake. Lazima klabu ya Rotary iidhamini. Kwa shule ya Mbeya mjini au Iringa mjini jambo hilo ni faida: kuna watu wazima wenye kazi zao, mhasibu, daktari, mfanyabiashara, wanaoweza kuja kuwafundisha wanafunzi kuandaa bajeti na kuendesha kikao. Kwa shule ya Bulongwa au Matamba, huko vijijini Makete, ni kikwazo, maana mdhamini asiyefika hana msaada. Tena Interact iliyozungukwa na wafadhili huzoea haraka kuomba fedha kwanza na kufikiri baadaye. Wanafunzi wanajifunza kuandika barua nzuri sana za maombi. Huo si ukarimu.

Sharti tulilolisifu ni hili: kila mwaka klabu ifanye angalau miradi miwili, mmoja wa shule au jamii yake, mwingine wa kukuza uelewano wa kimataifa. Huu wa pili huwatoa jasho walimu. Wengi hufikiri Marekani au Ulaya moja kwa moja, na mfano upo: Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul, Minnesota, Marekani, wameshirikiana kwa miongo kadhaa kwa jina la Bega kwa Bega. Lakini kwa klabu ya wanafunzi hesabu ni ngumu. Saa tatu asubuhi Minnesota, huku ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi wa kutwa wameshakwenda nyumbani. Wao wako likizo katikati ya mwaka, sisi tunafunga Desemba. Miezi inayopatana vizuri ni Januari hadi Machi, na Septemba hadi Novemba. Na boksi la nguo kutoka ng'ambo msilipokee kama mradi. Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mitumba ipo.

Ushauri wetu: tazameni Kasumulu, mpakani na Malawi. Ng'ambo ya mto Songwe ni Karonga, Malawi, na Wangonde wa kule ni ndugu wa Wanyakyusa, lugha zao zinasikilizana. Tofauti ya saa ni moja tu. Sekondari ya Kyela ikibadilishana barua na sekondari ya Karonga, kila upande ukieleza jinsi unavyotunza vyanzo vya maji, sharti la kimataifa limetimia kwa nauli ndogo, na hakuna upande unaokaa mkao wa kupokea tu.

Liko jambo ambalo mpango wowote kati ya hii hauwezi kumtatulia mwalimu. Shuleni kwetu kufyeka, kusomba maji na kulima ni adhabu ya mchelewaji. Ukiwapeleka haohao Jumamosi kumfyekea mzee, kwa orodha ya majina na kiranja mwenye fimbo, wanajua wako wapi: kwenye adhabu ndefu zaidi. Orodha iwe ya kujiandikisha. Wakijitokeza wanane kati ya hamsini, nendeni na wanane. Na mwalimu ashike panga naye.

Kwa klabu inayoanza bila senti, mradi tunaoupendekeza kwenye mpango wowote ni wa mahindi, kwa sababu hauhitaji mchango wa fedha, ambao tangu elimu bila ada ianze 2016 huzua mgogoro na wazazi. Julai au Agosti, mavuno yakiwa nyumbani, mwenye kupenda alete nusu kilo. Wanafunzi 200 wakileta, ni kilo 100, gunia moja. Linatunzwa hadi Januari na Februari, wakati maghala yameisha na mabichi hayajakomaa.

Panapoharibika ni kwenye unyevu. Fungu moja bichi likichanganywa huozesha gunia zima na kuleta sumukuvu, na hapo mmempelekea mtu sumu. Kila anayeleta apimiwe mlangoni: mimina konzi ya mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili, funika, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi yarudi juani. Isiponata, yapite. Yaliyotobolewa na dumuzi yatengwe. Kisha tumieni mfuko wa PICS, ule usiopitisha hewa wenye tabaka tatu, kila tabaka lifungwe peke yake baada ya kukamua hewa, uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Wa kugawiwa wachaguliwe kwa ile ramani, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na mahindi yapelekwe jioni kwa watu wawili au watatu, bila ngoma.

Shule ya mjini yenye mdhamini wa karibu ichukue Interact, lakini iazime ramani ya Roots & Shoots. Shule ya kijijini ianze na Roots & Shoots, mwezi wa pili au wa tatu, ili ramani iwe tayari kabla ya mavuno.