Tathmini: Kiraka cha hwrng_msleep Katika Kerneli ya Linux

Kiraka hiki, yaani marekebisho madogo ya msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi wa Linux), kilichoandikwa na Jason A. Donenfeld mwaka 2022, kinatibu ugonjwa wa kuudhi: kompyuta mpakato inafunikwa, kadi ya Wi-Fi inaamriwa kuzimwa, kisha mashine inakataa kulala. Usingizi unacheleweshwa kwa makumi ya sekunde, unashindikana, na mwenye kompyuta anaikuta ndani ya begi ikiwa ya moto na betri imeisha. Ni vigumu kwa mtu wa kawaida kushuku kwamba chanzo ni jenereta ya namba nasibu, yaani sehemu inayozalisha namba zisizotabirika.

Mshukiwa ni ath9k, draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya baadhi ya kadi za Wi-Fi, ambayo huchota namba nasibu kutoka katika saketi za kadi yenyewe ya Wi-Fi. Mapema mwaka huohuo ilihamishiwa kwenye mfumo wa pamoja wa hw_random, ambao ndani ya kerneli husimamia jenereta za namba nasibu zilizo kwenye vifaa, hatua ambayo kimsingi ilikuwa sahihi. Hata hivyo, draiva hiyo ikikosa data hupumzika kabla ya kujaribu tena: milisekunde 10 mwanzoni, kisha sekunde nzima baada ya kukosa mara nyingi, na hatimaye sekunde 10 kila mara.

Mapumziko hayo yalifanywa kwa msleep_interruptible, amri ya kulala kwa muda uliotajwa, na hapo ndipo penye kasoro. Kadi inapozimwa, jenereta yake nayo huondolewa, na kerneli inapotaka kuusimamisha uzi wake (kazi inayoendeshwa pembeni) wa kukusanya entropia, yaani unasibu, huita kthread_stop, ambayo kweli huuamsha uzi huo. Lakini msleep_interruptible haikatizwi na kitu kingine zaidi ya ishara (ujumbe wa mfumo wa kuikatiza programu), hivyo uzi hufumbua macho, huona hakuna ishara yoyote wala muda wake haujakwisha, na kurudi kulala. Njia ya pili haina tofauti kubwa: programu inayosoma /dev/hwrng, faili ya kuchotea namba za jenereta, inaweza kuwa imelala ndani ya draiva, na hwrng_unregister, amri ya kuondoa jenereta iliyoitwa kutoka kwingine, haina namna ya kuigutusha, ilhali haiwezi kumaliza kazi mpaka msomaji huyo aachie jenereta.

Suluhisho lake limenipendeza kwa udogo wake. Kila jenereta imepewa kitu cha kusubiria kinachoitwa dying, ambacho hutimizwa mara tu kuondolewa kwa jenereta kunapoanza. Draiva sasa huita hwrng_msleep, ambayo husubiri kitu hicho hadi muda uliotajwa uishe. Jenereta ikianza kuondolewa, wote waliolala huamka papo hapo, na ath9k hutoka kwenye mzunguko wake badala ya kujaribu tena. Uzi wa kerneli nao, ambao ulikuwa na pumziko lake la sekunde 10 kila ulipokosa data, umepewa njia hiyohiyo. Pamoja na hayo limeondolewa onyo la kukosekana kwa data, ambalo lilikuwa likijaza dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, bila faida. Huenda wengine wangelitenga katika kiraka chake; mimi sioni ubaya.

Lawama yangu ni moja. hwrng_msleep ni huduma ya hiari: hakuna kinachomlazimisha mwandishi wa draiva kuitumia, na draiva yoyote inayolala kwa msleep ya kawaida ndani ya kazi yake ya kusoma inabaki na ugonjwa uleule, japo pumziko fupi la milisekunde chache halitaonekana na mtumiaji. Kwa hiyo anayekagua draiva mpya za jenereta aulize kwanza zinalala wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kuziamsha.

Anayetumia kadi ya ath9k na kusumbuliwa na usingizi unaokatika asome /sys/class/misc/hw_random/rng_current ili ajue kama kadi hiyo ndiyo jenereta inayotumika. Ikiwa ndiyo, na kerneli yake ni ya kabla ya kiraka hiki, asisite kuisasisha.