Kodi ya jengo ndani ya LUKU: kulipa ni rahisi, daftari ndilo lenye kasoro

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia. Kwa urahisi wa kulipa, huduma hii inastahili sifa zote. Hakuna foleni, hakuna fomu, hakuna kusaka namba ya malipo. Mita ilishakuwa ukutani na pesa zilishakuwa kwenye simu, kazi ikawa kuviunganisha. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni 1,500, na ghorofa za mijini 7,500 kwa kila sakafu.

Meseji ya manunuzi isomwe yote, siyo zile tarakimu 20 za tokeni peke yake. Kwa mita ya T1, yaani ya matumizi ya kawaida, uniti moja ni shilingi 292, juu yake VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1%. Umeme wa 10,000 usio na deni unatoa uniti 28 na kidogo. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yakikatwa 1,500, inabaki 8,500 na uniti zinashuka hadi karibu 23.9. Makato hayo yako kwenye mstari wa deni. Usiponunua miezi mitatu, jiandae kukatwa 4,500 kwa mpigo.

Tatizo linaanzia kwenye daftari la nani anadaiwa kwa nyumba ipi: mita siyo nyumba, na anayenunua umeme mara nyingi siye mwenye nyumba. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni mpangaji aliyeishiwa umeme saa mbili usiku. Mpangaji atunze meseji zote na kudai zile 18,000 za mwaka zipunguzwe kwenye pango. Liandikwe kwenye mkataba kabisa, maana makubaliano ya mdomo husahaulika siku ya kulipana.

Nyumba yenye mita mbili au tatu inaweza kukatwa kodi kwenye kila mita. Orodhesha namba za mita zote, ambatisha barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kuwa jengo ni moja, uombe ibaki mita moja ya kodi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha, ila mita haijui umri wa mtu. Asipoomba, ataendelea kukatwa.

Kiwango kimoja kwa wote nacho hakikubaliki. Jijini Dar es Salaam, nyumba isiyo ya ghorofa ya Masaki kwa matajiri na ya Mbagala kwa watu wa kawaida zinalipa sawasawa, wakati thamani zake ni mbingu na ardhi.

Dawa ya daftari ipo karibu. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina. Kila mita ikifungwa kwenye anwani yake, na anwani kwenye jina la mmiliki, mita ya pili ya nyumba ileile itajulikana kabla haijakata hata shilingi.