Hobbywing QuicRun 10BL120 kwenye bagi ya 1/10, mchanga wa Mtwara

Wadau mnaouliza ESC gani (kifaa kinachodhibiti spidi ya mota) ya kufunga kwenye bagi ya rimoti, yaani kigari cha mchangani cha moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, mimi nasema chukueni hii QuicRun 10BL120 ya sensa (inasoma mkao wa mota inapozunguka), ampea 120, inakula LiPo (betri ya lithiamu) ya seli 2 au 3, na mi nabaki na seli 2 tu manake kwa mota ya 13.5T (T ni mizunguko ya waya ndani ya mota) zinatosha kabisa. Utamu wake uko kwenye kuondoka, ukigusa trigga kidogo tu gari inatoka taratibu bila kukwamakwama, na kwa mchanga mlaini wa pale Shangani hiyo ndo kila kitu, maana ukiondoka kwa fujo tairi zinachimba shimo zinazama.

Sasa setapu. Punchi, yaani ukali wa kuondoka, shusha, halafu pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) weka yenye meno machache kuliko ya barabara ya lami, spidi ya juu inapungua ila mota haichemki, mi nikipima ikakaribia digrii 80 nasimama kwanza ipoe. Katio la betri, linalokata umeme betri ikishuka sana, hakikisha umeliwasha, LiPo ikishuka chini ya volti 3 kwa seli inaharibika, na ukienda kulala usiiache imejaa, irudishe kwenye volti 3.8 kila seli, hasa na joto letu hili.

Kasoro ni maji, haijakingwa, kwa hiyo pembeni ya bahari maji yakitoka msiisogeze kwenye vidimbwi jamani, chumvi inakula soketi upesi sana. Mchanga kwenye feni nautoa na brashi ya rangi, nyembamba.

Kwa hela yake, nainunua tena.