Gwaride juu ya barafu: kozi ya siku mbili ya kuskii sambamba

Nililipa yuro 260 za mfukoni mwangu kujifunza kuteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, wengi kwa pamoja kama askari wa gwaride, kwa hiyo nitasema yote. Tiketi ya lifti ya kupandia mlimani haikuwemo. Hilo nililijua nikiwa dirishani, saa mbili na nusu asubuhi, nyuma yangu foleni ya watu wenye buti nzito na haraka zao.

Shule iliyoandaa kozi siitaji, maana walimu wake ndio wale wale ninaopanda nao lifti kila Disemba, na bado nataka kusalimiwa. Ilikuwa Novemba, kwenye barafu ya Stubai, saa moja na ushee kwa basi kutoka Innsbruck, Austria. Mwezi huo mabondeni bado ni majani na matope, kwa hiyo walimu wa skii wa jimbo hili la Tirol hupanda kwenye barafu za kudumu kujinoa kabla wateja hawajaja.

Nilienda shingo upande. Bosi wangu alisema anayetaka kupewa wanafunzi watu wazima msimu huu aipite kozi hii kwanza. Mimi kwa miaka minne nimefundisha kuskii watoto wa chekechea, na kusema kweli kuskii sambamba nilikuona ni mapambo tu: watu wanane wenye koti za rangi moja wanateremka wakikata kona kwa pamoja, watalii wanapiga picha. Pale Interski, mkutano wa walimu wa skii wa dunia unaofanyika kila baada ya miaka minne, timu za nchi hushuka hivyo mbele ya wenzao. Mwaka 2023 ulikuwa Levi, Finland. Mwalimu mtaratibu wa chekechea anahusika nini na hayo?

Tena nilijiona najua. Nilipita JKT Ruvu, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, mwaka 2014, mujibu wa sheria, na kwata ilinikaa mwilini hadi usingizini. Nikasema moyoni, hawa Waaustria nitawafundisha mimi.

Kwenye mteremko wa kwanza tu nilikuwa nyuma kwa kona nzima.

Tatizo ni hili. Kwenye gwaride mguu unapiga chini, unausikia. Kwenye theluji hakuna cha kusikia. Mkufunzi alikuwa anapaza sauti, "Hop! Hop!", lakini upepo unaila, na mimi nilikuwa wa sita kwenye mstari. Basi nikawa namtazama wa tano. Wa tano naye anamtazama wa nne. Kila mmoja anachelewa kidogo tu, kupepesa jicho, lakini kuchelewa huko kunarundikana, hadi ikifika kwangu kiongozi ameshamaliza kona yake na anaanza nyingine. Mkufunzi (kimoyomoyo nilishamwita afande) akatusimamisha, akasema tusimfuate aliye mbele yetu. Tuitazame fimbo ya mkononi mwa kiongozi. Ikinyanyuka tu, kabla haijachoma theluji, wewe nawe uwe umeshaanza kuhamisha uzito. Tuliporudia, kwa kona kama nane hivi, tulikuwa mnyama mmoja mwenye miguu mingi. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia.

Jambo la pili ndilo lililonilipa hela yangu. Ukiwa peke yako, mwendo ukizidi unakwangua theluji kwa ubavu wa skii na maisha yanaendelea. Kwenye mstari huwezi: ukikwangua, wa nyuma anakuingia mgongoni. Na ukibaki nyuma huruhusiwi kunyoosha ili uwawahi wenzako. Kinachobaki ni umbo la kona. Unataka kupunguza mwendo, unaivuta kona hadi skii zikaribie kutazama juu mlimani. Unataka kuongeza, unaiachia mapema. Haya nilikuwa nayasoma kwenye vitabu vya mtihani na kuyasema mbele ya watahini. Kuyafanya huku mtu yuko mita nne mbele na mwingine mita nne nyuma ni habari nyingine.

Halafu wakatuonyesha video. Kona zangu za kulia zilikuwa sawa na za wenzangu. Za kushoto, kila moja, zilikuwa fupi, nazimaliza kwa kutupa bega. Mtihani nimepita, misimu minne nimefanya, hakuna aliyewahi kuniambia. Ukiteremka peke yako kosa kama hilo linaonekana ni mtindo wako. Ukiwa katikati ya watu saba, linaonekana ni kosa.

Siku ya pili wameniudhi. Ukungu ulishuka, hatuoni hata nguzo ya pili ya lifti, na bado afande anataka umbo la ndege wahamao, kiongozi mbele na mabawa mawili nyuma yake. Isitoshe, hakuna aliyetuuliza tumekuja na skii gani. Mimi nina za slalomu, sentimita 165, zinazopenda kona fupi. Kaka mmoja Mwitaliano alikuja na zile pana za theluji laini, ndefu kuliko yeye. Kona yangu na yake hazifanani hata kwa dua. Akanikanyaga mkia wa skii, nikaanguka, fimbo yangu ikapinda kama ndoana. Aliyeniomba radhi ni yeye tu. Afande alisema hutokea.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Kwa mwenye misimu miwili au zaidi, nenda. Anayeanza asiende.

Nimesubiri hadi Januari kuandika ili nione kama kuna kilichobaki. Wiki iliyopita nilikuwa na mama mmoja Mholanzi, muoga wa mteremko hadi machozi. (Kwanza aliponisikia natoka Afrika Mashariki aliniuliza kama namjua Sabrina Simader, yule mwanaskii aliyeiwakilisha Kenya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018. Huwa wanauliza.) Zamani ningetangulia, nimpe mgongo, nimwambie nifuate. Safari hii nilikaa ubavuni kwake, nikakata kona kwa mwendo wake yeye, nikamwambia asiangalie chini, aangalie fimbo yangu. Tulifika kwenye lifti akauliza ule mteremko mkali uko wapi.

Mkienda, ulizeni mapema kuhusu skii, na tiketi ya lifti nunueni kabla. Fimbo mpya ilinigharimu yuro 45.