Tundu la chaji limewekwa kwa supa glu, na mimi nikaambiwa natwanga kisamvu

Mimi si mtu wa kuandika maneno ya watu, anijuaye anajua, lakini hili limenikaa rohoni na nisipolisema litanipasua. Tableti yangu si ya kuchezea gemu. Mimi napaka hina na piko, na michoro yangu yote imo mle, picha za mikono na miguu ya mabiharusi wangu tangu nilipoanza, maua ya Kiarabu, ya Kihindi, ya kujaza mpaka kwenye kisugudi. Biharusi akija simuelezi kwa mdomo, nampa tableti anapekua mwenyewe, ananionyesha kwa kidole nataka hii na hii, nami nimeshaelewa. Kwa hivyo ikifa chaji mimi kazi sina.

Ilivyoharibika ni hivi. Tuko nyumbani kwa watu Kisauni, hapa Mombasa, napaka, tableti iko kwenye chaji pale chini ukutani, watoto wanakimbizana, mmoja akaunasa waya kwa mguu na tableti ikaburuzwa hadi mlangoni. Kioo salama, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo ikawa haishiki chaji mpaka uuinue waya kidogo kushoto, ukiachia tu inakata. Nikawa natia kitambaa chini ya waya, mara nakiongeza, mara nakipunguza, usiku naamka kuangalia kama inaingia. Nikabadilisha waya, haikusaidia. Nikaazima chaja ya shemeji yangu, mambo yaleyale. Nikachungulia kwa tochi ya simu nikaona kile kijiulimi cha ndani kimelala upande. Hapo nikajua si waya, ni tundu.

Nikaenda mjini, si mbali na Mwembe Tayari, duka sitalitaja. Kijana nikamsalimia akaitikia huku macho yapo kwenye kazi yake, sikumhesabia, watu walikuwa wengi. Akaichukua, akachomeka chaja yake, akachomoa, akaniambia sistimu ya chaji imekwisha hiyo mama, 800, pitia alasiri. Nikapita alasiri nikaikuta inachaji vizuri, waya umelala bila kitambaa. Nilifurahi wallahi, nikamtumia zile 800 kwa M-Pesa nikamuongezea 50 ya soda. Jioni ile kama mngeniuliza ningewaambia nendeni kwa huyu kijana, mkono wake ni mwepesi.

Haikupita wiki mbili. Siku kamili siikumbuki, lakini ilikuwa wiki na kidogo. Kwanza nikasikia tundu linacheza, ukichomeka waya unalihisi linarudi nyuma kama jino bovu. Halafu asubuhi moja nachomoa waya, tundu linataka kuja nao.

Sasa sikilizeni niliyoyakuta niliporudi, kwa sababu kuharibika ningesamehe, kila kitu huharibika. Nimefika, kuna watu wanne watano wamesimama kwenye meza. Nikamwambia taratibu, mwanangu, lile tundu uliloniwekea linacheza, hebu niangalizie. Hakuishika. Akaniambia umeivuta. Nikamwambia sikuivuta, hebu ifungue hapa nione ulivyoiweka. Hapo ndipo alipoinua macho mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema, "Mama, wewe kazi yako si hina? Mimi nimekuja kukufundisha kupaka? Nyinyi wamama mnachomeka chaja kama mnatwanga kisamvu, ikivunjika mnamletea fundi." Na wale watu wakacheka. Hata mmoja hakusema kijana, huyo ni mama wa watu.

Natwanga kisamvu. Mimi. Mkono huu unachora mstari mwembamba kama unywele juu ya ngozi ya mtu, biharusi anapumua, anacheka, anapigiwa simu, na mstari hauruki. Nashika koni ya hina saa sita mfululizo na kidole hakitetemeki. Piko ikikuteleza mara moja biharusi ameharibika mbele ya mawifi zake, na haijaniteleza. Halafu kijana aliyekuwa hajazaliwa nilipoanza kazi hii ananiambia mbele ya watu kwamba mkono wangu ni wa mchi na kinu.

Nikamuuliza na garantii? Akasema garantii siku saba. Sikuambiwa siku saba siku ile, risiti sikupewa, ushahidi wangu ni meseji ya M-Pesa tu. Akasema akiifungua tena ni 800 nyingine. Nikachukua tableti yangu nikatoka, na nilipofika barabarani miguu ilikuwa inatetemeka kwa hasira.

Jumamosi yake nilikuwa na biharusi Majengo. Tableti ikazima akiwa bado anachagua, hajafika hata nusu. Nikamaliza kwa picha chache zilizokuwa kwenye simu, akachagua shingo upande, nikaona usoni kwamba si alichokitaka. Hilo nalo namhesabia yule kijana.

Mamangu mdogo ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Mji wa Kale, zamani alikuwa akitengeza redio. Nimeingia nikampa shikamoo, akaniitikia akanivutia kiti, akasema keti hapahapa mwanangu, kitu chako kifunguliwe ukikiona. Mimi sikuwa nimemuomba. Kwanza alichomeka kidude kidogo kati ya chaja na tableti, kina kioo kinachoandika namba, akanionyesha ampea zinaruka, sufuri, nukta tatu, sufuri tena. Akaizima kabisa, akaifungua mgongo kwa kijiplastiki chembamba akizunguka ukingo polepole, akachomoa betri kwanza, halafu akanivutia ile lenzi yake yenye taa niangalie mwenyewe.

Nikaangalia. Kulizunguka tundu kumetapakaa kitu cheupe kama chumvi iliyokauka. Nikamuuliza ni kutu ya hewa ya bahari? Akasema hapana, kutu ya shaba huwa na rangi ya kijani, hii ni supa glu mwanangu, ikikauka huacha ukungu mweupe hivi. Kibati cha tundu kina miguu minne inayoingia kwenye mashimo ya bodi, kile kibao cha ndani cha tableti, na mashimo yale hujazwa risasi ya kuchomea, ile miguu ndiyo inayobeba nguvu yote ya kuchomeka na kuchomoa. Mashimo yangu yalikuwa matupu. Nimeyaona kwa macho yangu, manne, matupu. Yule kijana alichomea zile pini ndogo tano za nyuma tu, tena si zote, halafu akaligandisha tundu kwa gundi na akanipa.

Mzee akanieleza kwa ncha ya sindano, pini ya mwisho upande huu ndiyo inayoleta umeme, volti 5, ya mwisho upande ule ni ya kurudishia, mbili hizi za katikati ni za kupitisha picha na mafaili, na moja iliyobaki ya kuijulisha tableti umechomeka kitu gani. Zile mbili za picha hazikuwa zimeshika kabisa. Ndipo nikajua kwa nini tangu nitoke kwa yule kijana nikiichomeka kwenye kompyuta ya mwanangu haionekani, nami nilikuwa nagombana na mtoto kwamba ameharibu kompyuta. Nilipofika nyumbani nilimuomba radhi.

Na ile ya umeme, kwa vile tundu lilikuwa linaenda na kurudi, ilikuwa imebandua kile kijikaratasi cha shaba kilicho chini yake. Kikibanduka hicho huna tena pa kuchomea. Mzee alikwangua bodi pale mbele mpaka shaba ikang'ara, akavusha waya mwembamba kutoka pale hadi kwenye pini. Kabla ya hapo alikuwa ameiondoa gundi yote, anapuliza hewa ya moto, anasita, anakwangua kidogo, anapaka spiriti kwa mswaki, tena na tena, na kila mara anasema tusiharakishe, bodi ikiungua hapa hatuna tableti. Akaweka tundu jipya, akajaza risasi mashimo yote manne, akanipa lenzi tena nihesabu. Nikahesabu. Akachomeka kile kidude, 1.4, imetulia, akautikisa waya kwa makusudi, namba haikusogea.

Alinitoza 1,500. Najua mtu atasema ni ghali, kwa 800 ungerudi kwa yule. Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia niwe muadilifu, niseme labda kijana ana kazi nyingi, labda siku ile amegombana na mwenye duka, labda hata mafunzo hakupewa, ameangalia tu wenzake wanavyofanya. Na kweli kuna kitu kizuri, kile kitoto chake cha kazi, kinachofagia na kufungua skrubu, siku ile natoka na hasira kilinifuata hadi nje kikaniambia mama, samahani. Kitoto kile kina adabu kuliko duka zima. Kwa ajili yake nilitaka nimalize kwa kusema mkipenda nendeni, mwambieni tu afungue mbele yenu.

Lakini nikikumbuka yale mashimo manne hapana. Kwa sababu alijua. Mtu anayetia gundi mahali pa risasi hajakosea, anajua itashika siku ngapi, ndiyo maana garantii yake ni siku saba. Na ndiyo maana nilipomwambia ifungue nione alikuja juu vile. Hakukasirika kwa kuwa mimi natwanga. Alikasirika kwa kuwa ikifunguliwa mbele ya wale watu wanne watano wote wataiona ile gundi, kwa hivyo akaona bora anichekeshee watu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mimi niliondoka na aibu ambayo ilikuwa yake.

Mpwa wangu anasoma sheria, alinionyesha Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, kwamba mnunuzi ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na ana haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na kufidiwa akipata hasara kwa kitu chenye kasoro. Maelezo. Mimi niliomba kuonyeshwa tu.

Msiende. Nilisema mwende, nimebadilisha, msiende. Na kwa fundi mwingine yeyote, kabla hajafunga muombe lenzi, au mwambie akupigie picha ya karibu kwa simu, uangalie miguu minne ina risasi inayong'aa na hakuna weupe pembeni. Fundi wa kweli atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza.

Tableti sasa ni miezi kadhaa, waya unaingia na kutulia, na picha zinahama. Lile tundu la zamani mzee alinifungia kwenye karatasi, nimelihifadhi kwenye kibeti pamoja na gundi yake. Iko siku nitapita Mwembe Tayari wakati watu wamejaa pale dukani nikaliweke juu ya meza. Na 800 zangu nitazidai.