Rose Bowl na Sugar Bowl: ipi ina historia nzito zaidi?
Hizi ni mechi mbili za kila mwaka za futiboli ya Kimarekani (si soka) kati ya vyuo. Kwa umri, Rose Bowl haina mpinzani katika futiboli ya vyuo vya Marekani. Ilianzia Pasadena tarehe 1 Januari 1902, Michigan ikiichapa Stanford 49–0, kisha ikasimama hadi 1916. Sugar Bowl ya New Orleans ilianza 1935.

Zote ziliwahi kuhamishwa: Rose Bowl kwenda Durham mwaka 1942 kwa sababu ya vita, Sugar Bowl kwenda Atlanta mwaka 2006 baada ya kimbunga Katrina.

Hata hivyo, mimi naipa uzito Sugar Bowl, kwa ajili ya mwaka 1956. Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alitaka chuo cha Georgia Tech kisicheze na Pittsburgh kwa kuwa mchezaji wa Pittsburgh, Bobby Grier, alikuwa mweusi. Wanafunzi wa Georgia Tech wenyewe, wazungu watupu, waliandamana kumpinga gavana wao! Grier akacheza, mweusi wa kwanza katika Sugar Bowl. Pittsburgh ilifungwa 7–0.