Acropolis kwa kitimwendo na fimbo nyeupe: uzoefu wetu wa siku tatu Athens

Mimi hutumia kitimwendo. Dada yangu haoni. Tukisafiri pamoja yeye husukuma na mimi huelekeza: "Kushoto kidogo, Dada. Kuna kibonde. Hapo hapo, simama." Tumefanya hivyo miaka mingi, na siku hizi mara nyingi huwa ameshajua ninachotaka kusema kwa namna nilivyoegemea kiti. Nalisema hili mapema kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari yaliandikwa ama na mtu wa magurudumu peke yake, ama na mtu wa fimbo nyeupe peke yake. Sisi tulikwenda na mahitaji yote mawili kwa mpigo, na nimegundua kwamba hayaendi sambamba kila mara.

Wakala aliyetupangia safari alituambia Acropolis, kilima chenye magofu ya mahekalu ya kale, hakipandiki kwa kiti. Alitushauri tutazame kutoka chini, tupige picha, kisha tuingie makumbusho. Tulikaribia kumwamini. Kama nawe umeambiwa hivyo, usikubali. Lifti ipo, na si jambo la jana wala juzi. Ya kwanza iliwekwa mwaka 2004, Athens ilipokuwa mwenyeji wa michezo ya Olimpiki na ya Paralimpiki. Desemba 2020 ilizinduliwa nyingine mpya, yenye kibanda cha vioo, inayopanda ubavuni mwa mwamba upande wa kaskazini. Hairuhusiwi kwa kila mtu. Imewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu na wale ambao mwili hauwaruhusu kupanda ngazi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mahali pa kushukia. Dereva wa teksi alituacha kwenye lango la kusini-mashariki, karibu na magofu ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Dionysos. Huko ni ngazi na njia za mwinuko mkali. Njia ya kwenda kwenye lifti huanzia upande wa lango kuu, magharibi. Kwa hiyo tulizunguka kilima kwa barabara ya waenda kwa miguu ya Dionysiou Areopagitou. Ni pana na haina magari, ila inapanda taratibu kwa muda mrefu, na Dada alifika juu akihema. Mwambieni dereva "lango kuu la magharibi" kabla hamjaingia garini. Treni ya chini ya ardhi pia ina kituo kiitwacho Akropoli, na kina lifti, lakini kiko upande wa makumbusho. Ukishukia hapo bado una mwendo ule ule wa kuzunguka.

Jingine la kujua mapema ni jua. Juu hakuna kivuli cha maana. Katika joto kali la Julai 2023 kilima kilifungwa saa za mchana, na tangu Septemba mwaka huo wageni hawazidi 20,000 kwa siku na tiketi zina saa ya kuingia. Sisi tulichukua saa ya mapema kabisa ya asubuhi, na ningeichukua tena. Chuma cha kiti kikishachemka hakishikiki.

Safari ya lifti ni fupi. Mlango ulipofunguka, Dada alisimama akainua uso. "Upepo umebadilika," akasema. Kweli ulikuwa umebadilika. Chini tulikuwa tumezibwa na mwamba na miti. Juu ulivuma wazi kutoka kila upande, na sauti za jiji zilikuwa zimeshuka zikawa kama mvumo wa mbali. Mimi macho yangu yalikuwa tayari kwa hekalu la Erechtheion, ambalo ndilo la kwanza kukupokea ukitokea upande huo, pamoja na wale wanawake wa mawe wanaobeba paa kwa vichwa vyao. Wanaosimama pale nje ni nakala. Watano halisi wamo ndani ya makumbusho, na wa sita yuko London.

Sasa niseme kuhusu zege. Mwaka 2020 zilimwagwa njia za zege juu ya kilima, na watu wengi walikasirika, wakiwemo wanaakiolojia waliosema mwonekano wa mwamba wa kale umeharibiwa. Nimezisoma hoja zao na siwabezi. Anayekipenda kitu cha kale ana haki ya kukionea uchungu. Ila nawaomba waje wakae kwenye kiti changu kwa saa moja. Mwamba wa Acropolis ni chokaa iliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi inang'aa na kuteleza, na umejaa mashimo na kingo. Magurudumu ya mbele ya kiti changu yasingepita hata hatua kumi. Waliolimwaga zege hilo walitandika kwanza utando kati yake na mwamba, ili siku likihitajika kuondolewa liondoke bila kuubandua mwamba. Kwa hiyo sikuona kwamba nimepewa nafasi kwa kuiba ya mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza katika magofu ya aina hii nilimwambia Dada, "Sukuma tu, hakuna kitu mbele," naye akasukuma kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Kwake yeye, hata hivyo, zege lile lina shida yake. Alipotaka kutembea peke yake kidogo, aliikunjua fimbo akaanza kutafuta ukingo. Njia ni pana, na ukingo wake hauendi mstari ulionyooka. Mahali zege linapoishia, mwamba unaanza chini kidogo, na fimbo ikagundua hilo kwa kuchelewa. Hakuanguka, lakini alirudi akashika kiti. Njia iliyoniachia uhuru mimi ndiyo iliyomnyima yeye. Mtu asiyeona asiende juu kule bila wa kumshika mkono, hata kama nyumbani amezoea kwenda peke yake.

Parthenon lenyewe, hekalu kuu la kilima hiki, huliingii. Wageni wote hulizunguka kwa nje, kwa hiyo hapo nilikuwa sawa na kila mtu. Kazi yangu ikawa kumweleza. Nilimwambia lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, kwamba Iktinos na Kallikrates walikuwa wasanifu wake na Pheidias msimamizi wa sanamu zake, kwamba marumaru ilitoka mlima Penteli. Nikamweleza jinsi mwaka 1687 kombora la jeshi la Venezia lilivyoangukia baruti iliyokuwa imehifadhiwa ndani na kulilipua katikati. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali lake: "Nguzo moja ina unene gani?"

Nilisoma: kipenyo karibu mita 1.9 chini. Hiyo haikumsaidia. Nikafikiri, nikamwambia, "Watu wanne wakiikumbatia kwa kushikana mikono, ndipo watakutana." Hapo alinyamaza. Akauliza ziko ngapi. Nane mbele, nikasema, na kumi na saba ubavuni. "Basi ni hamsini," akasema, akahesabu moyoni mara ya pili. Sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Alitaka kugusa. Haruhusiwi mtu yeyote, na sababu naielewa: jasho la mikono ya mamilioni lingemaliza kile ambacho baruti haikukimaliza. Lakini kuielewa sababu hakukunipunguzia uchungu wa kumwona amesimama hatua chache kutoka kwenye jengo ambalo amelisikia tangu shule ya msingi, mikono ameishusha ubavuni. Mimi nilipata Parthenon siku ile. Yeye alipata upepo na maneno yangu.

Makumbusho ya Acropolis tuliyaweka siku ya pili, na huu ndio ushauri wangu kwa yeyote mwenye kiti: usibane vyote viwili siku moja. Jengo hili lilifunguliwa Juni 2009. Msanifu wake ni Bernard Tschumi, akishirikiana na Michael Photiadis. Linaonekana kama lilifikiriwa pamoja na magurudumu tangu kalamu ya kwanza. Lifti zinafika kila ghorofa, sakafu ni tambarare, milango ni mipana, na ile njia ya kwanza inayopanda kati ya vyombo vilivyochimbwa kwenye miteremko ya kilima ina mwinuko wa polepole. Nilizunguka peke yangu karibu saa nzima, Dada akiwa amekaa anapumzika, na hakuna mtu niliyemwomba chochote. Anayetumia kiti ataelewa kwa nini nalitaja hili kwa furaha hivi.

Jambo moja la kujiandaa nalo ni vioo. Jengo limesimama juu ya nguzo kwenye mabaki ya mtaa wa kale, na sehemu ya sakafu ni kioo ili uone visima, kuta na vyumba vya watu chini yako. Mtembeaji huweza kukwepa akachagua pa kukanyaga. Mimi nilijikuta nimekaa juu ya shimo, magurudumu yakielea juu ya nyumba ya mtu aliyekufa zamani, na kichwa kikanizunguka. Nilishika breki. Dada, ambaye alikuwa anasukuma kwa mwendo wake wa kawaida, akauliza kuna nini. Nilipomwambia, alikanyaga mara mbili kwa nguvu, akasikiliza, akasema, "Kiko imara, mdogo wangu. Fumba macho, leo nitakuongoza mimi." Akanivusha. Sijui kama ningevuka siku ile bila yeye.

Ghorofa ya juu kabisa ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Imegeuzwa ili ielekee sawasawa na hekalu lenyewe, ambalo unaliona kupitia kuta za kioo. Humo wamepanga ule mkanda wa michongo uliozunguka Parthenon, urefu wa mita 160. Vipande halisi vina rangi ya asali iliyofifia. Vile vilivyoko kwingine, hasa London tangu enzi za Lord Elgin, balozi wa Uingereza aliyevichukua, vimewekewa nakala nyeupe za plasta, kwa hiyo pengo lenyewe linaonekana kwa macho. Zamani mkanda huo ulikuwa juu sana ukutani. Sasa uko chini, unasomeka hata na mtu aliyekaa.

Nilipofika upande wa mashariki nilikuta Poseidon, Apollo na Artemis, kipande halisi. Miungu imekaa. Wanadamu katika mkanda ule wamesimama, na hata hivyo vichwa vyao na vya miungu waliokaa viko karibu usawa mmoja. Mchongaji aliwafanya miungu wakubwa kiasi hicho. Nilikaa pale nikiwatazama waliokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote safari nzima. Nilimweleza Dada kila mkunjo wa nguo, naye alinishika bega bila kuharakisha.

Siku ya tatu ilikuwa yake. Huko Kallithea, mji ulioungana na Athens, iko Makumbusho ya Kugusa ya taasisi ya wasioona ya Ugiriki, iliyoanzishwa mwaka 1984. Zimejaa humo nakala za kazi maarufu za kale, na kazi ya mgeni ni kuzigusa. Hata anayeona anakaribishwa. Dada alikunja fimbo mlangoni akaiweka mkobani. Alipitisha vidole kwenye macho ya sanamu, kwenye ndevu, kwenye misuli ya mgongo, akicheka kwa sauti ya chini. Mara mbili aliniita nije nishike kitu ambacho mimi, kwa kuona tu, nisingekitambua.

Kisha akakikuta kielelezo cha Parthenon likiwa zima. Alianza kona moja, akihesabu kwa kidole cha shahada: nane. Akageuka ubavuni, kumi na saba. Akaendelea nyuma, akarudi upande wa pili, hadi akagusa nguzo aliyoanzia. Akasimama.

"Arobaini na sita," akasema. "Za kwenye kona tulizihesabu mara mbili."

Kama unasafiri na mtu asiyeona, anzeni Kallithea, ndipo mpande kilima. Sisi tulifanya kinyume, na jioni ile Dada aliniomba twende tena juu kesho yake asubuhi, kwa kuwa sasa alijua anachosimama mbele yake. Ndege yetu ilikuwa saa nne.